Kuisemea Burundi

Bweni la Wasichana, Chuoni
Dar es Salaam
16 Novemba 2002

Mdogo wangu Ella,

Barua hii ikikufikia inanuka dagaa, usinilaumu mimi. Nimemwambia Swaibu aifunge kwenye nailoni, lakini unamjua kaka yangu. Kila kinachotoka mwalo wa Kibirizi kwenda soko la kambini anakitupia juu ya magunia yake, hata salamu za watu.

Nimejiunga na klabu. Najua utacheka. Mimi ambaye kule Ujiji nikitumwa dukani nilizunguka nyuma ya msikiti ili nisiwasalimie wazee wa barazani, leo nimo katika klabu ya wanafunzi wanaoiga Umoja wa Mataifa. Tunakutana Jumamosi. Kila mmoja anapewa nchi, na mbele yako unawekewa kibao chenye jina la nchi hiyo. Mwenyekiti wetu anaitwa Dismasi, yuko mwaka wa tatu wa sheria, na anavaa tai katika joto hili la Dar. Ananiita "Mheshimiwa mjumbe".

Nchi kubwa zote zilikwisha gawiwa nilipofika. Nimepewa Surinamu. Niliitafuta kwenye atlasi ya maktaba, nikaikuta juu kabisa ya Amerika ya Kusini, imebanwa na wenzake kama mtoto anayelala katikati.

Nakuandikia sheria zao kwa sababu wewe hukuwahi kucheza hata rede uani kwetu kabla ya kuuliza sheria. Ukishapewa nchi, unachofikiri mwenyewe unakivua mlangoni pamoja na viatu. Unasema "Surinamu inaona", "Surinamu haikubali". Hata kama nchi yako inasema jambo usilolipenda, unalisema vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini. Ukitaka kusema unainua kibao, unangoja uitwe, kisha unasimama.

Nimekwisha simama. Nilizungumzia wavuvi wadogo na meli kubwa zinazowanyang'anya samaki. Watu waligonga meza.

Mfungo unakwenda vizuri. Tunafuturu kundi zima la wasichana, kelele mpaka majirani wanalalamika. Msalimie mama yako, Mama Fébronie.

Dada yako,
Mwasiti

*

Kambini
8 Desemba 2002

Dada Mwasiti, shikamoo.

Swaibu aliniletea barua yako siku ya soko, pamoja na vileja vya Idi kutoka kwa mama yako. Alisema, "Soma upesi, mwenzako siku hizi ni balozi." Niliisoma nyuma ya banda la mkaa, kisha nikairudia. Nilijaribu kukuona umesimama. Nilikuona vizuri kabisa, hata gauni nililikisia.

Hukuniuliza kuhusu shule, lakini nakueleza kidogo. Hapa tunafuata masomo ya Burundi. Darasani ni Kifaransa, uwanjani ni Kirundi. Kifaransa nakiandika bila shida. Kirundi nakielewa, lakini nikifungua mdomo kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Gélase, anayekaa nyuma yangu, aliniuliza mbele ya darasa, "Wewe Mswahili, huku umekuja kuuza nini?" Walicheka wote. Kule Ujiji nilikuwa Mrundi. Tangu siku hiyo sijibu swali kwa sauti. Mwalimu akiniita, naonyesha daftari.

Kuna jambo jingine. Misafara ya kurudi Burundi imeanza. Anayetaka anajiandikisha kwa hiari yake, na malori yanakuja kuwachukua. Jirani yetu Marcelina anasema hajiandikishi mpaka waliotangulia watume habari. Mama hasemi kitu. Jioni anakaa mlangoni akichambua maharage na kusikiliza kipaza sauti kinachotangaza misafara, nami nakaa nyuma yake na kitabu, nikimsikiliza yeye.

Dada, mimi sitaki kwenda. Nilitoka kule nikiwa mgongoni. Sijui hata mlango wa nyumba yetu ulitazama upande gani. Nikifunga macho na kusema nyumbani, naona ua wenu Ujiji na kamba ya nguo, na wewe umekaa kwenye kinu kilichopinduliwa unanisomea. Siku ya msako, walipotukusanya wakimbizi kutuleta kambini, nilidhani tungerudi jioni. Huu ni mwaka wa tano.

Nataka kumwambia Mama kabla hajaamua. Kila siku napanga maneno, na kila siku yeye anasema, "Ella, lete ungo," nami naleta ungo.

Niandikie zaidi kuhusu klabu. Unafanyaje miguu isitetemeke?

Mdogo wako,
Ella

*

Chuoni, Dar es Salaam
4 Januari 2003

Mdogo wangu Ella,

Sikuja nyumbani sikukuu. Kazi za klabu ni nyingi, na watu hapa hawataki niondoke.

Miguu inatetemeka tu. Siri ni kwamba unaiacha itetemeke chini ya meza na wewe unaendelea huku juu. Andika kwanza unachotaka kusema. Kisome mara nyingi mpaka kichoke kukuogopesha. Ukisimama, tafuta uso mmoja na umwambie huyo. Mimi namtazama mlinzi wa mlangoni. Wiki iliyopita Surinamu ilipinga azimio la Ufaransa, na Dismasi akasema hajawahi kusikia Surinamu ikisema hivyo.

Ukishaweza kusema mbele ya darasa, kwa Mama itakuwa rahisi. Anzisheni na nyinyi. Mnahitaji meza, vibao na mwenyekiti asiyependelea.

Nimeandika mengi, kumbe taa za hapa maktaba wanazima mapema. Usisahau kula.

Mwasiti

*

Kambini
9 Februari 2003

Dada Mwasiti,

Tumefanya. Sijui nianzie wapi.

Nilimwandikia Mwalimu Selestini wa historia karatasi yenye sheria zako zote, nikaiweka mezani kwake nikatoka mbio. Alinifuata hadi bombani. Akasema, "Nani kakufundisha haya?" Nikasema dada yangu yuko chuo kikuu, ni mjumbe wa Surinamu. Alikubali kuwa mwenyekiti. Vibao tulikata kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia.

Dada, kugawa nchi kulikuwa vita. Kila mtu alitaka Kanada, Norwe au Australia, kwa sababu ndizo nchi zinazosikika hapa zikichukua wakimbizi wakakae huko moja kwa moja. Gélase aliikalia Kanada kabisa, akaweka kibao chini ya makalio. "Kanada imejaa," alisema. "Anayetaka baridi akasubiri nje." Hakuna aliyetaka Burundi. Kibao kilizunguka kama sufuria ya moto, kikatua mbele yangu, kwa kuwa mimi sikuwa nimenyoosha mkono kutaka chochote.

Hoja ilikuwa: waliokimbia warudi sasa, au wangoje? Unajua mimi ningejibu nini. Lakini nilikuwa nimepewa Burundi, na Burundi inataka watu wake. Nilifuata sheria. Niliandika kwa Kiswahili, kisha nikampelekea Gélase aniwekee Kirundi sawasawa. Alianza kwa kucheka. Kufika katikati hakucheka tena. Aliniuliza, "Haya ya migomba umeyatoa wapi?" Nikamwambia nimeyatoa kwa Mama, vipande vipande, miaka mingi, anapoongea na majirani akidhani nasoma.

Siku yenyewe madirisha yalijaa watu. Wapita njia walisikia Mwalimu akiita "Kanada", "Norwe", wakadhani kuna watu wamekuja kuchukua majina. Mzee Manariyo, yule mwenye mguu mbaya, aliingia hadi meza ya Kanada na kofia mkononi. Akamuuliza Gélase kama wanachukua mtu asiyetembea vizuri. Darasa lilikufa kwa kicheko. Gélase akasema, "Kanada inamkaribisha mzee, ila Kanada haina lori." Mzee akashukuru, akakaa kwenye benchi kando ya Kanada kungoja. Alingoja mpaka mwisho. Hakuna aliyepata moyo wa kumwambia.

Kisha Mwalimu akasema, "Burundi."

Miguu ilitetemeka, nikaiacha huko chini kama ulivyosema. Nilikufikiria wewe ukumbini. Nikasema: Burundi inasema hatujamweka mtu mahali penu. Itongo, yaani shamba la baba zenu lenye nyumba na migomba yake, bado linaitwa kwa jina la aliyeliacha. Migomba imezaa na kuanguka bila wa kuivuna. Nimuze i muhira, njooni nyumbani. Nilipomaliza hakuna aliyegonga meza, nikadhani nimekosea. Mwanamke mmoja dirishani alikuwa anajifuta macho kwa khanga. Halafu wakaanza kugonga meza, Dada, kama walivyokugongea wewe.

Uso niliouchagua ulikuwa wa Mama. Sikujua atakuja. Alisimama dirishani na ndoo ya maji kichwani, hakuitua mpaka nilipokaa.

Jioni alipika maharage kwa mawese mengi. Alinitazama sana. Sasa ndiyo nimepata moyo. Nitamwambia wiki hii.

Ella

*

Chuoni, Dar es Salaam
1 Machi 2003

Mheshimiwa mjumbe wa Burundi,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike chumbani. Nilimsomea mama anayetuuzia chai ile sehemu ya Kanada kukosa lori, akacheka, halafu akaniuliza mzee aliondokaje.

Najua Mama Fébronie amefurahi. Umekwisha mwambia? Niambie alivyojibu.

Mwasiti

*

Kambini
16 Machi 2003

Dada,

Mama ametuandikisha kurudi.

Nilikuwa nimepanga kumwambia siku ile ile. Nilirudi kutoka shule nikamkuta anakunja blanketi, na lilikuwa halijakauka vizuri. Akasema, "Nimekwenda ofisini. Nimetuandikisha sote wawili." Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa.

"Si nimekusikia?"

Nikakaa chini. Yeye aliendelea kusema, na unajua Mama si mtu wa kusema. "Miaka yote hii nilijua wewe ni mtoto wa Ujiji. Nilijua nikikupeleka kule utaninyaukia kama mche. Ndiyo maana nikanyamaza. Kumbe unapajua. Kumbe hata migomba unaijua. Mtoto wangu anasimama mbele ya watu anawaita nyumbani, mimi mama yake nibaki hapa nafanya nini?"

Alikuwa akikaa kambini kwa ajili yangu, Dada. Nami nilikaa nyuma yake na kitabu nikidhani nakaa kwa ajili yake.

Ningesema pale pale. Lakini alikuwa na uso ambao sijapata kuuona. Sasa anaimba akichota maji. Ananihadithia kilima chetu, kisima, shangazi aliyekuwa na mbuzi anayepanda ukuta. Ananisemesha Kirundi tu, taratibu, na nikikosea ananirekebisha huku anacheka. Marcelina naye amejiandikisha. Aliniambia, "Umetutoa kwenye usingizi." Watoto njiani wananiita Burundi. Gélase hanicheki tena, amekuwa ananisalimia kwa adabu, jambo ambalo silipendi.

Sasa nina watu wa kuongea nao, na sina hata mmoja wa kumwambia hili. Wote walinisikia nikisema kinyume chake.

Msafara wetu ni baada ya Pasaka. Nifundishe tena. Siku ya kwanza kabisa, uliposimama na wavuvi wako, ulianza na neno gani? Nahitaji neno la kwanza tu. Mengine nitayatafuta.

Ella

*

Chuoni, Dar es Salaam
29 Machi 2003

Ella,

Sijawahi kusimama.

Kibao changu nakiinua mpaka usawa wa kidevu, na Dismasi hakioni. Jumamosi zote hizo hakuna aliyeniita. Hotuba ya wavuvi niliiandika kweli, na nilikuandikia wewe kana kwamba nimeisema, kwa sababu niliona aibu kukuandikia kwamba naimaliza siku bila mtu kunitaja jina. Futari nilifuturu peke yangu kwenye ngazi za nyuma, tende na chai. Sikukuu sikuja nyumbani kwa sababu Mama angeniuliza rafiki zangu ni nani. Anayenijua jina hapa ni yule mama wa chai.

Kwa hiyo neno la kwanza sina, mdogo wangu. Katika sisi wawili aliyesimama ni wewe.

Nimemwandikia Mama kumuuliza kama unaweza kuja kukaa kwetu Ujiji. Amejibu kwamba kwa moyo wake ungekuja leo. Lakini anayekutwa nje ya kambi bila kibali anakamatwa, na safari hii watakamata na mwenye nyumba. Anasema umwombe Mungu na umsikilize mama yako. Swaibu amenitumia ujumbe wake mwenyewe: "Mwambie amwambie mama yake. Mama Fébronie hang'ati."

Sitakasirika ukikasirika.

Mwasiti

*

Kambini
11 Mei 2003

Dada Mwasiti,

Nilikasirika. Nilikaa na barua yako siku kadhaa bila kuifungua tena. Nilisimama kwa nguvu ya kusimama kwako, na kumbe pale nilipoegemea hapakuwa na ukuta. Kisha nikawaza, lakini sikuanguka. Hasira ikaisha hapo, au ilipungua.

Nilimwambia Mama. Tulikuwa tunamimina maharage kwenye gunia la safari, mimi nimeshika mdomo wa gunia. Neno la kwanza lilikuwa "Mama". Sikupata jingine.

Nikasema, "Mama, siku ile shuleni haikuwa mimi. Ulikuwa mchezo. Kila mtu alipewa nchi, mimi nikapewa Burundi. Ilibidi niseme inavyosema."

Hakuacha kumimina. "Mchezo," alisema.

"Ndiyo."

"Nani anampa mtoto nchi nzima aibebe?"

"Ilibaki, Mama. Hakuna aliyeitaka."

Akaweka ungo chini. Nilidhani atalia, au atanipiga, ingawa hajanipiga tangu niwe mkubwa. Aliuliza, "Na wewe unasemaje?"

Nikamwambia yote. Kwamba sipajui. Kwamba nikiota naota Ujiji. Kwamba nataka nimalize mwaka wa shule hapa hapa, hata wakinicheka, kuliko kuanza kuchekwa upya mahali pengine. Nilisema kwa Kiswahili, na yeye alikuwa akiitikia kwa Kirundi, "Ee. Ee."

Kisha akasema, "Ujiji walitupakia kwenye lori mchana, Ella, majirani wakitazama. Mama Swaibu peke yake ndiye aliyekimbia nyuma ya lori kuleta ndala zako. Ninampenda mpaka kesho. Lakini mimi siwezi kuota pale." Akaokota haragwe lililodondoka. "Na mimi nilidhani nimekwisha sahau kule. Ukaja wewe na mchezo wako ukanikumbusha. Sasa siwezi tena kusahau. Nataka kwenda."

"Najua, Mama. Nakusikia unavyoimba."

"Basi tufanyeje?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. Tulikaa na gunia katikati yetu. Hakukuwa na mwenyekiti.

Tulikubaliana yeye aende kwanza na Marcelina, akaone kama itongo lipo kweli au nililitunga. Mimi nibaki nyumbani kwa Mwalimu Selestini na mkewe hadi shule ifunge. Halafu tutaona. Mama alisema "tutaona" kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu.

Siku ya msafara Gélase alibeba magunia bila kuombwa. Mwenye karatasi akasimama kwenye ubao wa lori akasoma, "Fébronie na binti yake mmoja." Mama akapanda. Yule bwana akauliza binti yuko wapi. Mama alinitazama tu toka juu, na watu wote wa lori wakanitazama, wale wale waliokuwa dirishani. Wengine walikuwa wanaondoka kwa sababu yangu.

Nilisema kwa Kirundi, "Ni mimi. Nabaki."

Mwanamke mmoja akasema, "Huyu si ndiye aliyetuita?" Mama akamjibu, "Ndiye. Alituita vizuri. Sasa amesema lake." Akaketi juu ya gunia la maharage, akajifunika khanga mabegani. Lori lilipogeuka karibu na shule alikuwa bado ananitazama, na mimi sikushusha macho.

Nyumbani kwa Mwalimu kuna watoto wengi, na wote wana adabu kwangu, kwa hiyo nipo peke yangu sana. Jana nilikwenda kwenye kibanda chetu kuchukua ungo nikakuta watu wengine wamekwisha ingia. Mama mmoja kijana alinikaribisha uji. Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikasahau ungo. Habari za Mama bado hazijafika. Kila msafara ukirudi na malori matupu nakwenda kumuuliza dereva, na madereva wananiambia ni mapema.

Umezoea kuandika juu ya bahasha "Kwa mkono wa Mama Fébronie". Kuanzia sasa andika jina langu tu. Swaibu anajua pa kunipata. Na uandike upesi, Dada, hata kama Jumamosi imepita na hujasimama. Niandikie ulikaa wapi na ulikula nini.

Ella